Gari lililoibwa likipatikana: Safari kutoka kituo cha polisi hadi mikononi mwa mwenyewe

MMILIKI wa gari lililoibwa anapopigiwa simu na polisi kuarifiwa kwamba gari lake limepatikana, aghalabu hudhani kuwa masaibu yake yamefika kikomo. Huchukua ufunguo wa akiba, hukodi teksi na kukimbilia kituoni akitarajia kurejea nyumbani jioni hiyo akiwa ameshika usukani. Wengi hurudi mikono mitupu, baada ya kuelezwa kuwa gari wanaloliona uani kwa macho yao haliwezi kutolewa kwa sasa.

Sababu ni kwamba gari lililopatikana huwa vitu viwili kwa wakati mmoja. Kwa mwenyewe ni mali, na Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinamlindia haki ya kuimiliki. Kwa polisi na mahakama ni kielelezo, yaani ushahidi wa kosa la jinai, na mshukiwa aliyekamatwa nalo ana haki, chini ya Kifungu cha 50 cha Katiba iyo hiyo, ya kuuona na kuuhoji ushahidi huo. Haki hizi mbili zinapokutana katika ua wa kituo cha polisi, anayeumia ni yule asiyejua taratibu.

Hasara yake si ndogo. Kwa mwendeshaji teksi au mfanyabiashara anayesafirisha mboga sokoni, gari ndilo shamba lake. Kila mwezi gari linapokaa kituoni, mkopo wa benki huendelea kudaiwa, mvua na jua huendelea kulichakaza, na vipuri vyake huendelea kuwatamanisha wasiokuwa waaminifu.

Hatua za kwanza

Gari likipatikana, liwe limetelekezwa kando ya barabara, limefichwa katika gereji au limenaswa kwenye kizuizi, polisi wa eneo hilo hulinakili katika kitabu cha matukio, maarufu kama OB. Mara nyingi kituo hicho si kile ambako wizi uliripotiwa. Gari lililoibwa Nakuru laweza kupatikana Namanga. Kwa hivyo kazi ya mwanzo ni kuunganisha nambari mbili za OB: ile ya ripoti ya wizi na ile ya kupatikana kwa gari. Mmiliki aliyehifadhi nambari yake ya kwanza pamoja na abstrakti ya polisi huwapunguzia maafisa kazi, na hujipunguzia siku za kungoja.

Kabla ya gari kuguswa ovyo, wataalamu wa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, wanaweza kuitwa kupiga picha, kuchukua alama za vidole na kukagua vitu vilivyoachwa ndani. Ndiyo maana mwenye gari hukatazwa kufungua milango au kuliwasha hata akiwa na ufunguo. Alama za vidole zikivurugwa, huenda kesi nzima ikakosa mguu wa kusimamia.

Baadaye hutayarishwa orodha ya vitu vilivyomo: magurudumu, betri, redio, jeki, gurudumu la akiba, vioo vya pembeni na kadhalika. Orodha hii ina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mmiliki ana sababu nzuri ya kuomba iandikwe mbele yake, itiwe saini, naye apewe nakala. Akiruhusiwa, apige picha za gari pande zote. Siku ya kukabidhiwa gari, miezi mingi baadaye, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kama betri ilitolewa na wezi au ilitolewa likiwa kituoni.

Siku hizi magari mengi yamewekewa vifaa vya kufuatilia mienendo yake, na baadhi ya wenyewe huyaona kwenye simu mahali yalipofichwa. Kishawishi cha kwenda kulichukua gari binafsi ni kikubwa, lakini hatari zake ni mbili. Kwanza, wezi wanaweza kuwa na silaha. Pili, gari lililoripotiwa kuibwa hubaki katika orodha ya magari yanayosakwa hadi ripoti hiyo ifungwe rasmi, hivyo mwenyewe anaweza kusimamishwa na maafisa wenye bunduki wanaoamini kuwa wamemfumania mwizi. Njia salama ni kuwapa polisi habari za mahali lilipo, kisha kuwaacha wafanye kazi yao.

Kuthibitisha mwenyewe

Bamba la nambari ya usajili halitoshi kuthibitisha umiliki, kwani ndilo kitu cha kwanza wezi hubadilisha. Wakati mwingine gari la wizi hupewa nambari za gari jingine halali la aina na rangi moja, hata yakawa mawili barabarani yenye nambari moja. Ndiyo sababu wapelelezi hutazama nambari ya chasisi na ya injini, kisha huzilinganisha na rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012.

Nambari ya chasisi ikiwa imekwaruzwa au kupigwa upya, wataalamu wa uchunguzi wa kisayansi hutumia kemikali kuifichua ile ya awali, kwa kuwa mhuri unaogongwa kwenye chuma huacha athari zinazoingia ndani kuliko zinavyoonekana kwa macho. Kazi hiyo huchukua muda, na ripoti yake huwa sehemu ya ushahidi.

Kwa mujibu wa kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake huchukuliwa kuwa ndiye mwenyewe hadi ithibitishwe vinginevyo. Hapa ndipo Wakenya wengi hukwama. Gari hununuliwa kwa mkataba wa mauzo, pesa hulipwa, lakini jina halibadilishwi katika rekodi kwa miaka. Sheria iyo hiyo, katika kifungu cha 9, hairuhusu gari litumike barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kubadilisha mmiliki bila mmiliki mpya kusajiliwa. Aliyepuuza hilo hulazimika kumtafuta muuzaji wa zamani aje kuandikisha taarifa, na pengine muuzaji huyo amehamia ng'ambo au ameaga dunia.

Stakabadhi ambazo kwa kawaida huhitajika ni kitambulisho, hati ya umiliki wa gari, nakala ya rekodi kutoka NTSA, abstrakti ya wizi, ufunguo wa akiba na cheti cha bima. Ikiwa gari ni la kampuni, huhitajika barua inayomruhusu mwakilishi. Ikiwa mmiliki amefariki, familia hutakiwa kuonyesha hati za mahakama za usimamizi wa mirathi. Ikiwa gari limenunuliwa kwa mkopo na jina la benki limo katika hati, benki nayo huwa na sauti.

Kesi mahakamani

Iwapo hakuna aliyekamatwa na uchunguzi hauonyeshi kwamba gari lilitumika katika uhalifu mwingine, mara nyingi mambo huwa mepesi. Afisa mpelelezi akisharidhika kuhusu umiliki, gari linaweza kutolewa kwa maandishi bila kungoja kesi isiyokuwapo.

Mambo hubadilika mtu anapofunguliwa mashtaka. Wizi wa gari, chini ya kifungu cha 278A cha Kanuni za Adhabu, hubeba kifungo cha hadi miaka 7. Anayepatikana na hatia ya kupokea au kuhifadhi mali ya wizi akijua ni ya wizi, chini ya kifungu cha 322, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Gari likiwa limenyang'anywa kwa silaha au na kundi la watu, shtaka huwa wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296(2), ambacho adhabu yake katika sheria ni kifo. Katika kesi zenye uzito wa namna hiyo, upande wa mashtaka hauna budi kulinda kielelezo kikuu.

Kifungu cha 121 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai huruhusu mali iliyotwaliwa na kufikishwa mahakamani izuiliwe hadi kesi au uchunguzi umalizike, lakini kinataka pia itunzwe kwa uangalifu unaofaa. Kifungu cha 177 nacho huipa mahakama uwezo wa kuagiza mali iliyopatikana kwa mshtakiwa irejeshwe kwa anayeonekana kustahili kuipata. Mshtakiwa akipatikana na hatia ya wizi, kifungu cha 178 hufungua njia ya mali kurudishiwa mwenyewe.

Je, ni lazima mwenye gari angoje hukumu? La. Kwa miaka mingi mahakama nchini zimekubali utaratibu wa kupiga gari picha na kuliachilia. Afisa aliyeidhinishwa huchukua picha za gari, za nambari ya chasisi na za injini, kisha huziwasilisha pamoja na cheti chake kwa mujibu wa kifungu cha 78 cha Sheria ya Ushahidi. Picha hizo huchukua nafasi ya gari katika faili ya kesi.

Ombi hilo huweza kutolewa na kiongozi wa mashtaka, au na mmiliki mwenyewe kwa hati ya kiapo, akiwa na wakili au bila wakili. Hakimu humsikiliza pia mshtakiwa. Iwapo mshtakiwa anakana kwamba gari ni la mlalamishi, au anataka lichunguzwe na mtaalamu wake, uamuzi waweza kuchelewa. Hakimu akikubali, huweza kuweka masharti: gari lisiuzwe, lisibadilishwe rangi wala injini, na liletwe mahakamani wakati wowote litakapohitajika. Anayekiuka masharti hayo hujitia mashakani yeye mwenyewe na huwapa wezi mwanya wa kuponyoka.

Kosa la kawaida ni la mmiliki anayesharudishiwa gari kisha akaacha kufika mahakamani kutoa ushahidi. Bila yeye kusimama kizimbani na kusema gari ni lake na hakumruhusu mshtakiwa kulichukua, kesi ya wizi huwa ngumu kuthibitishwa.

Wadai wawili wa gari moja

Mgogoro mchungu zaidi huzuka polisi wanapolipata gari kwa mtu aliyelinunua kwa pesa zake halali bila kujua lilikuwa la wizi. Mbele ya afisa husimama watu wawili, kila mmoja na karatasi zake, na wote wawili wameumizwa na mwizi yule yule.

Msimamo wa sheria ni mkali. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa hufuata kanuni ya kale kwamba mtu hawezi kuuza haki asiyokuwa nayo. Mwizi hana umiliki, hivyo hana cha kumpa mnunuzi, hata mnunuzi awe mwaminifu kiasi gani. Gari hurudi kwa mwenyewe. Mnunuzi hubaki na haki ya kumshtaki aliyemuuzia ili arudishiwe pesa, kwani katika kila mauzo huchukuliwa kuwa muuzaji ameahidi kwamba ana haki ya kuuza. Shida ni kumpata.

Kanuni hiyo huwahusu pia wanaokodisha magari. Visa ni vingi vya mteja anayekodi gari kwa siku mbili, kisha akaliweka rehani kwa mkopeshaji kwa hati ghushi. Aliyekodi alipewa ruhusa ya kuendesha, hakupewa umiliki, hivyo hana uwezo wa kuliweka rehani wala kuliuza.

Lakini kuna hali tofauti. Ikiwa mwenyewe aliuza gari lake kwa hiari, ingawa alilaghaiwa, kwa mfano akapewa hundi isiyokuwa na pesa, yule mlaghai huwa amepata umiliki wenye kasoro. Akiliuza kwa mtu mwaminifu kabla ya mwenyewe kuubatilisha mkataba wa kwanza, kifungu cha 24 cha sheria hiyo chaweza kumlinda mnunuzi huyo. Ndiyo maana aliyelaghaiwa hashauriwi kukaa kimya hata siku moja. Anapaswa kuripoti na kuukana mkataba huo mara moja.

Mabishano ya aina hii yakipamba moto, mahakama ya jinai huweza kuwaelekeza wadai waende mahakama ya madai, huku gari likihifadhiwa au likikabidhiwa mmoja wao kwa dhamana.

Bima na benki

Bima ambayo sheria humlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo ni ile ya kufidia watu wengine wanaoumizwa. Hiyo hailipi wizi. Mwenye bima kamili ndiye anayeweza kudai fidia, na hapa wakati wa kupatikana kwa gari huamua mengi.

Gari likipatikana kabla ya fidia kulipwa, dai la wizi kwa kawaida hugeuka kuwa dai la uharibifu. Mkadiriaji hulikagua, na kampuni hulipia matengenezo kwa mujibu wa mkataba, baada ya kuondoa kiasi ambacho mteja hujigharamia. Likipatikana baada ya fidia kulipwa, gari huwa la kampuni ya bima. Ndiyo sababu mteja hutakiwa kusalimisha funguo, hati ya umiliki na fomu za kuhamisha umiliki anapolipwa. Anayepokea fidia kisha akalichukua gari kimyakimya hutenda ulaghai.

Kwa mwenye mkopo, kupotea kwa gari hakufuti deni. Ni busara kuiarifu benki siku ya wizi na siku gari linapopatikana, na kuomba kwa maandishi ratiba ya malipo iangaliwe upya.

Ng'ambo ya mpaka

Gari likivuka Namanga, Busia, Malaba au Lunga Lunga, sheria inayotumika ni ya nchi lilikopatikana. Polisi wa Kenya hawana mamlaka ya kwenda kuliendesha kulirudisha. Mawasiliano hupitia afisi za Interpol, shirika lenye hifadhidata ya magari yaliyoibwa ambayo polisi wa nchi wanachama huweza kuitazama. Ushirikiano wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, ulioundwa mwaka wa 1998, nao umerahisisha kazi hiyo. Hata hivyo, mmiliki huenda akahitajika kusafiri, kuthibitisha umiliki mbele ya mahakama ya huko na kukamilisha taratibu za forodha kabla gari halijarejea.

Biashara hii huenda na kurudi. Mnamo 2019 maafisa katika bandari ya Mombasa walinasa magari ya kifahari yaliyoibwa Uingereza na kusafirishwa ndani ya makontena yaliyodaiwa kubeba vitu vya nyumbani.

Siku ya kukabidhiwa

Kabla ya kutia saini ya kupokea gari, mmiliki anapaswa kuchukua ile orodha ya awali na kuipitia kifaa kimoja baada ya kingine, akiandika kila kilichopungua. Saini iliyotiwa bila maelezo huchukuliwa kuwa ni kukubali kwamba kila kitu kipo. Ni vyema pia aandamane na fundi. Gari lililokaa miezi bila kuwashwa huweza kuwa na breki zilizoshika kutu, mafuta yaliyoharibika na nyaya zilizokatwa na wezi walipokuwa wakitafuta kifaa cha kulifuatilia.

Pili, ahakikishe ripoti ya wizi imefungwa na gari limeondolewa katika orodha ya yanayosakwa, na kwamba zuio lolote lililowekwa katika rekodi za NTSA limeondolewa. Barua ya kituo au nakala ya agizo la mahakama ikae ndani ya gari kwa muda. Tatu, abadilishe vitasa na funguo.

Kuhusu pesa, kuandikisha ripoti kituoni hakulipiwi. Gharama halali, kama ya gari la kukokota, huambatana na risiti. Afisa akidai "chai" ndipo aachilie gari, mmiliki akumbuke kwamba Sheria ya Kupambana na Hongo ya 2016 humwadhibu anayepokea na anayetoa. Malalamishi huanzia kwa mkuu wa kituo na mkuu wa upelelezi wa eneo, kisha Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi au Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA. Polisi wakizuilia gari bila kesi wala sababu, mwenyewe anaweza kwenda mahakamani kudai haki yake ya mali.

Yasiyochukuliwa

Katika nyua za vituo vingi nchini yamo magari yaliyoota nyasi. Baadhi ni ya kesi ambazo hazijaisha. Mengine nambari zake zilifutwa kabisa, au wenyewe walishalipwa na bima, au walikufa, au waliona gharama ya kuyatengeneza imepita thamani yake. Polisi huchapisha orodha za magari kama hayo katika Gazeti Rasmi la Serikali, mara nyingi yakiwapa wenyewe siku 30 kujitokeza, na yasipochukuliwa huuzwa kwa mnada wa hadhara. Aliyeibiwa gari na hajapata habari kwa muda mrefu afanye mazoea ya kuzitazama orodha hizo. Gari lake laweza kuwa limo, katika kituo asichokijua, kwa nambari ya usajili isiyokuwa yake.

Ndiyo sababu nambari inayofaa kuhifadhiwa ni ya chasisi. Mwenye gari ambaye hajawahi kuiandika popote anaweza kuisoma leo kwenye hati ya umiliki au kwenye mwili wa gari lenyewe, akaiweka pamoja na picha za gari, nakala ya hati hiyo na cheti cha bima mahali pasipokuwa ndani ya gari. Wengi huziweka stakabadhi hizo kwenye kisanduku cha mbele cha gari, na mwizi akiondoka nalo, huondoka na ushahidi wote wa mwenyewe.